Likizo ya Wanafunzi ni Amana: Mafunzo kutoka Migori na Homa Bay

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Zifikapo siku za mwisho wa Oktoba skuli za Kenya hufungwa, na watoto hurejea majumbani, wala hazifunguliwi tena mpaka mwanzoni mwa Januari. Hiyo ndiyo likizo ndefu kuliko zote za mwaka, yapata miezi miwili na zaidi. Wenzetu wa Ulaya hupata likizo yao kubwa katika Julai na Agosti, wakati wa joto lao. Sisi watu wa mwambao yetu hutufikia kusi imekwisha na kaskazi yaanza kuvuma, jua limekuwa kali, na kila mtoto ana hamu ya kutoka nje.

Katika darasa letu limeletwa suali hili: Mtoto afanye nini katika siku hizi apate kustarehe, na starehe yake isimgeukie khasara? Tumeona suali hili lastahili kujibiwa kwa urefu. Na mifano yetu mingi tumeitoa katika kaunti mbili zilizo mbali na bahari yetu, Migori na Homa Bay, kandokando ya Ziwa Victoria. Tumefanya hivyo kwa sababu tatu. Ya kwanza, wako miongoni mwetu wenye jamaa huko, waalimu na watu wa serikali na wafanya biashara, na watoto huwafuata wakati wa likizo. Ya pili, nchi ile imejaa mambo ya kumfurahisha mtoto na kumfunza. Ya tatu, huko khatari za likizo zimeonekana wazi kwa macho, na mwenye akili huonyeka kwa yaliyomfika jirani kabla hayajambishia hodi mlangoni pake.

Maana ya likizo

Wako wazazi wanaoiona likizo kuwa ni wakati uliobaki, kama vitambaa vinavyobaki baada ya fundi kukata kanzu: havina kazi, na yeyote aweza kuviokota. Ndiyo maana utamwona mtoto asubuhi hana aliyemuuliza aendako, na jioni hana aliyemuuliza atokako. Wako na wengine wanaoigeuza likizo kuwa ni skuli ya pili, mtoto hatoki kwa mwalimu huyu illa aingia kwa mwalimu yule, mpaka Januari humkuta amechoka kuliko alivyokuwa Oktoba.

Wote wawili wamepotea njia. Likizo ni haki ya mtoto. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 imekataza kumtia mwanafunzi katika masomo ya kulipiwa wakati wa likizo, na anayeikhalifu ana adhabu. Waliotunga sheria hiyo walijua ya kuwa akili ni kama shamba: lisipopumzishwa hupungua mavuno yake. Na dini yetu imetufunza kabla ya hapo kwamba afya na faragha ni neema mbili ambazo wengi katika watu hupata khasara ndani yake, kwa kuwa hawaujui uthamani wake mpaka zimewatoka. Mwanafunzi katika likizo anazo zote mbili kwa pamoja, mwili mzima na wakati mtupu. Hiyo ni rasilimali kubwa, na ni amana mikononi mwa wazazi wake.

Tazameni kisa cha Nabii Yusuf, amani iwe juu yake. Ndugu zake walipotaka kumchukua, walimwambia baba yao aende nao kula na kucheza. Nabii Yaakub hakuwajibu kwamba mchezo ni mbaya, wala kwamba mtoto hana haja nao. Alilolitaja ni khofu yake asije akaliwa na mbwa mwitu na wao wameghafilika naye. Hapa mna mafunzo matatu. La kwanza, mchezo ni haja ya mtoto, na mzazi mwema haufungi mlango wake. La pili, mzazi hana ruhusa ya kughafilika. La tatu, nalo ndilo zito kuliko yote, Yusuf hakudhuriwa na mbwa mwitu aliyeogopewa. Walimdhuru watu aliokabidhiwa. Basi kabla hujamtoa mwanao kwenda kwa jamaa, mjue vyema huyo utakayemkabidhi.

Neema zilizoko katika nchi ile

Migori na Homa Bay zamani zilikuwa katika wilaya moja iliyoitwa South Nyanza. Homa Bay yapakana na ziwa na Ghuba ya Winam. Migori yashuka kusini mpaka mpaka wa Tanzania, kwenye mji wa Isebania. Wakaao huko wengi ni Wajaluo, na Migori wako Wakuria pia, na katika visiwa na pwani ya ziwa wako Wasuba. Mtoto wa Mombasa au wa Lamu afikapo huko huona maji mengi yasiyo na chumvi, na lugha asiyoijua, na chakula asichokizoea. Huo peke yake ni mwanzo wa elimu. Na Mwenyezi Mungu ametuamuru tutembee katika ardhi na tutazame, nasi twaitaja amri hiyo mimbarini, kisha watoto wetu hukua hawajui kilichoko ng'ambo ya mji wao.

Tuanze na Thimlich Ohinga, kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. Hapo pana kuta za mawe zilizozunguka mahali palipokuwa makao ya watu na mifugo yao, na wataalamu wasema yamkini zilijengwa katika karne ya 16. Ajabu yake ni kwamba mawe yale yamepangwa moja juu ya jingine bila ya chokaa wala saruji, na hata hivi leo yamesimama, mahali pengine yakipita urefu wa mtu mzima. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza kuta hizo katika orodha ya urithi wa dunia. Mtoto wetu aliyeiona Gede, ambayo nayo iliingizwa katika orodha hiyo mwaka 2024, na aliyeiona Ngome ya Mombasa iliyoingizwa mwaka 2011, ajua nyumba za matumbawe na chokaa. Akisimama Thimlich atauliza: Hawa walijengaje bila ya chokaa? Mawe yameshikwa na nini? Suali kama hilo, mtoto akiliuliza mwenyewe kwa hamu yake, lina thamani kubwa kuliko majibu kumi aliyokaririshwa.

Karibu na Kendu Bay, katika Homa Bay, liko ziwa dogo la mviringo liitwalo Simbi Nyaima, na maji yake ni ya magadi, na ndege heroe hulizuru. Wenyeji wanacho kisa chake cha kale: palikuwa na kijiji, na watu wake wakawa katika karamu, akaja bibi kizee mgeni akiomba chakula na mahali pa kupumzika, wakamfukuza, illa mwanamke mmoja aliyemhurumia. Usiku ule mvua ikanyesha na kijiji kikazama. Na jina lenyewe lataja kijiji kilichozama. Sisi hatuwafunzi watoto kuamini kila kisa. Wenye elimu ya ardhi wasema shimo lile ni la asili ya volkano. Lakini mtoto akisikia kisa hiki kutoka kwa mzee wa pale pale, ataelewa kwamba watu wa ziwani, kama watu wa mwambao, wameona kumfukuza mgeni ni dhambi inayotosha kuzamisha mji. Na sisi tunaojisifu kwa ukarimu yatupasa tujiulize tungemfanyia nini bibi yule.

Katika bonde la Lambwe iko mbuga ya taifa ya Ruma, nayo ndiyo makao ya mwisho katika Kenya ya mnyama aitwaye korongo, ambaye ni katika jamii kubwa za paa. Zamani bonde hilo lilikuwa na mbung'o wengi na ugonjwa wa malale, watu wakaliogopa. Mnyama akapata nafasi kwa sababu ya khofu ya mwanadamu. Hili nalo ni somo la kufikiri.

Kisha kiko kisiwa cha Rusinga, kinachofikiwa kwa daraja kutoka Mbita. Hapo mwaka 1948 Mary Leakey aliliona fuvu la mnyama wa kale sana wa jamii ya nyani, aliyekwisha kutoweka duniani, na wataalamu wamemwita Proconsul. Na hapo hapo Rusinga ndipo lilipo kaburi la Tom Mboya. Alizaliwa mwaka 1930 kwenye shamba la mkonge karibu na Thika, baba yake akiwa mtu wa kazi katika shamba hilo, na alipouawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969 alikuwa waziri, na umri wake haujatimia miaka 39. Mwaka 1959 alisaidia kupeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege moja kutafuta elimu, na wengine wakafuata. Mtoto aliyesimama pale na kuambiwa kwamba mtu huyu hakuwa mwana wa tajiri, huondoka na azma ambayo haipatikani katika daftari.

Ng'ambo ya Rusinga, katika kisiwa cha Mfangano, iko michoro ya kale juu ya miamba, ya rangi nyekundu na nyeupe. Wasuba wenyewe lugha yao imepungua sana, kwa kuwa wengi wao sasa wasema Kijaluo. Basi mtoto na ajifunze hapo jinsi lugha inavyokufa: haiuawi kwa upanga, hufa mjukuu anapoacha kumuuliza babu. Akirudi kwetu na amuulize bibi yake maneno ya Kiamu au ya Kimvita au ya Kibajuni ambayo hayasikii tena sokoni, na ayaandike.

Na msidhani kwamba Uislamu ni mgeni huko. Kendu Bay wako Waislamu wa tangu zamani, na msikiti wao wajulikana. Hussein Onyango, babu yake Barack Obama aliyekuwa rais wa Marekani, alikuwa mtu wa Kanyadhiang, jirani na Kendu Bay, naye alisilimu. Mtoto wetu akiswali Ijumaa pamoja na Wajaluo Waislamu, akamsikia imamu akiwaidhi kwa Kijaluo, hatarudi tena akisema kwamba dini hii ni mali ya watu wa pwani.

Khatari zilizo pamoja na neema hizo

Tumetaja asali, na sasa tutaje nyuki.

Khatari ya kwanza ni ya maji. Mtoto aliyelelewa baharini hudhani ya kwamba yeye ni mwogeleaji, na ziwa halimwezi. Maji ya ziwani hayana chumvi, kwa hiyo hayamwinui mtu kama yanavyomwinua maji ya bahari, na dhoruba hushuka juu yake kwa ghafla. Yako pia maradhi ya kichocho. Wadudu wake hutoka katika konokono wa maji baridi, nao huingia mwilini kwa kupenya ngozi, mtu asihisi kitu. Katika bahari yetu mtoto haupati ugonjwa huo, kwa hiyo hajui kuuogopa. Basi aambiwe wazi: asioge wala asicheze kando ya ziwa penye majani, asipande mashua bila ya koti la kuokolea, alale ndani ya chandarua, kwa maana malaria ya pande zile ni kali. Na akirudi naye ana homa, au ameona damu katika haja yake, apelekwe hospitali upesi.

Khatari ya pili ni ya machimbo. Katika Nyatike, upande wa Macalder katika Migori, dhahabu ilichimbwa na kampuni tangu zama za ukoloni. Kampuni ikaondoka na wachimbaji wadogo wakabaki. Skuli zikifungwa wavulana huteremka huko kutafuta fedha. Mashimo ni marefu na udongo wake hauna nguzo za kutosha, na mvua ikinyesha huporomoka. Na hata asiyeingia shimoni hajasalimika. Mawe husagwa yakachanganywa na maji, kisha hutiwa zebaki, nayo huikamata dhahabu. Halafu donge hilo huunguzwa motoni, zebaki ikaondoka kwa moshi na dhahabu ikabaki. Moshi huo ndio sumu. Huingia kifuani, ukafika katika ubongo na mishipa ya fahamu, na madhara yake ni makubwa zaidi kwa watoto na kwa mwanamke mwenye mimba. Wala haumuumizi mtu siku hiyo hiyo akaukimbia, humla taratibu. Mtoto arudi nyumbani na noti mkononi, mama afurahi, na hakuna ajuaye alicholipa.

Khatari ya tatu ni ya uvuvi wa usiku. Omena, ambao sisi twawaita dagaa, huvuliwa kwa taa katika giza lisilo na mwezi. Mvulana achukuliwe ashike taa au avute wavu. Afanye kazi mpaka alfajiri, na mchana alale. Wiki nane za namna hiyo zatosha kumgeuza mwanafunzi kuwa mvuvi ambaye skuli yamchosha.

Khatari ya nne ni ya watoto wa kike. Uchunguzi wa afya uliofanywa na serikali ya Kenya mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Homa Bay na katika Migori wasichana 23 katika kila 100, wa umri wa miaka 15 mpaka 19, walikuwa wamekwisha kushika mimba, na kwa Kenya nzima ni 15 katika kila 100. Sababu zake ni nyingi, na umaskini ni mojawapo. Lakini msichana aliyeachwa peke yake wiki nyingi, hana wa kumwangalia wala shughuli ya kumshika, ni rahisi kudanganywa na mwenye fedha kidogo.

Mwenye shaka na haya na akumbuke mwaka 2020. Kwa sababu ya maradhi ya korona skuli za Kenya zilifungwa katika Machi. Madarasa machache yakafunguliwa Oktoba, na yaliyobaki yakangoja mpaka Januari 2021. Watoto walikaa miezi tisa. Zilipofunguliwa, waalimu waliita majina na baadhi ya majina hayakuitika. Wako wavulana waliozoea fedha za machimbo na za mashua, wakaona daftari ni nyepesi mno. Wako wasichana waliokuwa wajawazito au wamekwisha kuozwa. Hakuna aliyekaa siku moja akaazimia kumtoa mwanawe skuli. Walitoka kidogo kidogo, siku baada ya siku, kwa kukosa wa kuwauliza.

Yaliyo kwetu

Asije msomaji akafunga ukurasa huu akasema: Alhamdulillahi, sisi hatuna machimbo. Machimbo tunayo, ila hayana mashimo. Katika Desemba wageni hujaa fukoni mwetu, na mvulana wa Malindi au wa Diani hupata fedha za siku moja zinazompita baba yake. Na wako wageni wasiofuata jua peke yake. Wako wauza unga ambao kazi yao ni kumtafuta kijana asiye na kazi. Iko kamari ya simu, ambayo mtoto huicheza amelala kitandani mwake, na mzazi humwona ametulia akadhani anasoma. Na wako vijana waliokwisha mtihani wa mwisho, ambao likizo yao hupita Januari ikaendelea miezi mingine, nao hao ndio wanaosahauliwa kuliko wote, kwa kuwa hawana skuli ya kurudi wala kazi ya kwenda.

Basi shimo la Nyatike na ufuko wa Diani ni jambo moja: fedha za haraka zinazomfikia mtoto kabla ya akili ya kuzipima.

Majibu ya wenye hoja

Mtu akisema: Sisi ni maskini, na mtoto asipofanya kazi katika likizo hatutapata sare wala daftari za Januari. Twamjibu: Hoja yako ni ya kweli, wala hatukulaumu; na kazi si aibu, kwani Manabii walichunga mbuzi. Lakini kazi ni mbili, iko inayomlea mtoto na iko inayomla. Kaipime kwa mizani minne. Kwanza, ni ya mchana, na usiku mtoto hulala kwao. Pili, huifanya mbele ya mzazi au mtu mwaminifu ajulikanaye. Tatu, haina shimo, wala maji marefu, wala sumu, wala mzigo upitao nguvu zake. Nne, ina siku ya mwisho inayojulikana, na siku skuli ifunguliwapo mtoto huiacha asirudi nyuma. Kumsaidia mama kuanika omena juani ufukoni Mbita ni kazi ya namna hii; na kupalilia mahindi ya nyumbani, na kukaa dukani na baba, na kujifunza kushona kofia, au ufundi wa seremala kwa fundi mwaminifu. Na kazi iliyokosa hata mizani mmoja katika hiyo minne, iacheni, ijapokuwa malipo yake ni makubwa. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 nayo yamkinga mtoto na kazi ya kumdhuru.

Mwingine akisema: Mtoto akistarehe miezi miwili atasahau masomo yote. Twamjibu: Atasahau akiacha kusoma kabisa, na sisi hatukusema hivyo. Saa moja ya kusoma kwa kupenda, kila siku, kitabu alichokichagua mwenyewe, yatosha. Na hesabu azifanye sokoni kwa kuulizwa chenji, na jiografia aisome safarini.

Wa tatu akisema: Safari ya kutoka Mombasa mpaka Homa Bay ni ya mchana na usiku, na nauli hatuna. Twamjibu: Hatukuwalazimisha kusafiri. Tumeitaja nchi ile ili mjue jinsi ya kuitazama nchi yenu. Mtoto wa Kilifi anayo Gede, na Jumba la Mtwana, na kaya za Wamijikenda ambazo zimo katika urithi wa dunia tangu 2008. Mtoto wa Lamu anaishi ndani ya mji ulioingizwa katika orodha hiyo mwaka 2001, naye hupita mbele ya milango ya nakshi kila siku asijue jina la ua moja lililochongwa. Safari ya miguu ya nusu saa pamoja na mzee mwenye khabari yaweza kuwa ndefu kuliko safari ya basi.

Mpango tunaouona mwema

Tumeona tuuandike mpango huu mfupi, na kila nyumba iupunguze au iuongeze kwa hali yake.

Wiki mbili za kwanza ziwe za mapumziko. Mtoto alale, acheze, azuru jamaa. Asiulizwe habari ya masomo ila kwa uchache.

Wiki nne za katikati ziwe za kazi na za kujua. Asubuhi asaidie nyumbani au ajifunze ufundi wa mkono, mvulana na msichana sawasawa. Baada ya adhuhuri asome saa moja. Jioni acheze na wenzake mahali panapojulikana. Chuoni asiache kwenda, walakini waalimu wetu wa vyuo nao wampunguzie, wala wasiitwae likizo yote. Na katika kila wiki iwe siku moja ya kutoka: kwenda kuona mahali pa kale, au kumzuru mgonjwa, au kukaa na fundi wa mashua akamtazama. Akirudi aandike ukurasa mmoja wa aliyoyaona, na baba ausome mbele ya watu wa nyumbani. Hilo la kusoma msilidharau. Mtoto ajuaye ya kwamba atasikilizwa hutazama kwa macho mengine.

Wiki zilizobaki ziwe za kujitayarisha: kulala mapema, kufua na kushona sare, kupitia vitabu, na kusawazisha hesabu ya fedha alizozipata, ili ajue zilivyopatikana na zilivyotumika.

Na kwa siku zote hizo pana kanuni moja ambayo haina likizo: kila jioni mtoto aulizwe mambo matatu. Ulikuwa wapi? Ulikuwa na nani? Ulijifunza nini? Aulizwe kwa upole, na wakati wa kula, wala si kwa sauti ya askari. Maswali haya hayana gharama, na laiti yangeulizwa kila jioni ya mwaka 2020, majina mengi zaidi yangeitika Januari.

Khatima

Mwanafunzi mwema wa likizo ni yule anayerudi skuli akiwa mzima wa mwili, hana deni la siri, anajua jambo moja la nchi yake ambalo hakulijua, na ana hamu ya kusoma. Mzazi akiyaona manne haya katika mwanawe mwezi wa Januari, na ashukuru, kwani amana ameitunza. Na akiliona moja limepungua, asingoje likizo nyingine. Aanze kuuliza jioni hiyo hiyo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, wa bahari na wa ziwa, na atujaalie tuwe wachunga walio macho. Wabillahi tawfiq.

Maswali ya kuzungumzwa katika darasa

1. Ni mafunzo gani matatu tuliyoyatoa katika maneno ya Nabii Yaakub alipoombwa kumtoa Yusuf?

2. Itajeni mizani minne ya kazi ya mtoto, kisha mzipime kwayo kazi tatu ambazo watoto wa mtaa wenu huzifanya wakati wa likizo.

3. Kwa nini mtoto wa pwani yuko katika khatari zaidi ziwani kuliko anavyojidhania?

4. Katika mtaa wenu wako vijana wangapi waliokwisha mtihani wa mwisho na hawana shughuli? Nani atakwenda kuwazuru wiki hii?